Kuchachua mboga kwa maji ya chumvi katika joto la Mombasa

Maelekezo mengi ya kuchachua mboga yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia uweke chupa yako mahali penye nyuzi 18 hadi 22 kisha usubiri wiki tatu au nne. Mombasa mahali hapo hupapati ila ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na ukizingoja hizo wiki nne utafungua chupa ukute matango yamelegea na uchungu wa asidi unaokufumba macho. Huku joto ndilo linaloamua kila kitu: kiasi cha chumvi, unene wa vipande, siku za kungoja, hata pembe ya nyumba utakapoweka chupa. Mwongozo huu umefuata joto hilo, na kanuni yake ni moja: chumvi iongezwe kidogo, siku zipunguzwe sana.

Kwanza ujue unachofanya. Mboga mbichi huja na bakteria wake kwenye maganda. Ukizizamisha ndani ya maji ya chumvi pasipo hewa, wale wanaoozesha hushindwa, na wanaotengeneza asidi ya laktiki huchukua nafasi. Ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa mala. Hula sukari ya mboga, hutoa asidi na gesi, na asidi ikizidi kiwango fulani (pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 4.6) vijidudu hatari kama vile vya botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, haviwezi tena kumea. Kwa hiyo chumvi ni mlinzi wa siku za mwanzo tu. Anayehifadhi mboga hasa ni ile asidi.

Kazi hii huanzwa na bakteria aitwaye Leuconostoc, ambaye hupenda ubaridi na ndiye anayeleta ladha nyepesi na povu jingi, kisha humaliziwa na Lactiplantibacillus plantarum (zamani Lactobacillus plantarum), anayestahimili joto na asidi kali. Katika nyuzi 30 za Mombasa yule wa kwanza hupata muda mfupi sana. Ndiyo sababu mboga zetu huwa kali mapema kuliko za wenzetu wa bara, wa Limuru au Nyahururu.

Isichanganywe na achari. Achari ya embe au ya ndimu ya hapa pwani huanikwa juani, hutiwa siki au ukwaju, pilipili na mafuta. Hapa hakuna siki wala mafuta. Ukali wote unatoka ndani ya mboga yenyewe.

Mboga ya kuanza nayo

Anza na karoti. Ni ngumu, ina sukari ya kutosha, haivurugiki hata ukichelewa siku mbili. Pilipili mbuzi pia ni nyepesi kuchachua, na nitaizungumzia peke yake. Embe bichi gumu, papai bichi, koliflawa, tungule mbichi za kijani na bamia changa zote hukubali. Bamia usiikate, iache nzima na kikonyo chake, la sivyo maji yote yatakuwa mlenda. Matango ndiyo magumu zaidi kwa hali yetu ya hewa, tutayafikia.

Kama una pilipili, bamia au matango uliyopanda mwenyewe kwenye magunia au kipande cha uwanja huko Kisauni au Likoni, umebarikiwa. Vuna asubuhi kabla jua halijapanda na uzitie chumvi siku hiyo hiyo. Mboga iliyolala imeshaanza kulegea, na chumvi haiwezi kuikaza tena. Kwa karoti na kabichi, ambazo nyingi hushuka kutoka milima ya Taita upande wa Wundanyi, nenda Kongowea mapema. Uliza bila haya: “Mama, haya matango ni ya leo?” Akikujibu, “Ya jana mwanangu, ya leo lori halijashusha,” mshukuru, subiri lori, au ununue karoti.

Osha mboga kwa maji safi utoe mchanga, basi. Usizichemshe, usizitie dawa ya kuulia vijidudu, usiziparure hadi ngozi yote itoke. Bakteria unaowahitaji wako hapo kwenye ganda. Karoti chafu sana imenye, itachachua tu.

Maji

Hapa wengi hupotea, maana maji ya Mombasa si ya aina moja. Ya bomba yana klorini, na klorini huchelewesha kazi. Yachemshe, yaache yapoe kabisa bila mfuniko, yatafaa. Ya mitungi yanayoletwa na mkokoteni hujui yametekwa wapi, nayo chemsha vilevile. Maji ya kisima cha kisiwani mara nyingi yana chumvi yake. Ukiyaonja yakawa na ladha ya magadi au ya bahari usiyatumie, kwa sababu hutajua tena umetia chumvi kiasi gani. Na usijidanganye kwamba chumvi au asidi itasafisha maji machafu. Mji huu umeshapata kipindupindu zaidi ya mara moja. Anza na maji ambayo ungempa mtoto anywe.

Chumvi, na jinsi ya kuipima

Chumvi ya kupikia ya dukani inafaa. Kwa sheria ya Kenya hutiwa ayodini, na utasikia watu wakisema ayodini inaua bakteria. Kiasi kilichomo ni kidogo mno, hakizuii chochote. Zaidi utaona maji yakifanya ukungukungu kwa ajili ya ile dawa ya kuzuia chumvi isigande. Chumvi ya mawe isiyosagwa ni nzuri pia, ila sharti uipime kwa mizani, si kwa kijiko, kwani kijiko cha mawe kina chumvi pungufu kuliko kijiko cha unga.

Sasa shika hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayookoa chupa. Chumvi uliyoyeyusha kwenye maji haibaki kwenye maji. Huingia ndani ya mboga mpaka pande zote mbili zilingane. Ukitengeneza maji ya asilimia 3 ukayamwagia mboga za uzito uleule, mwisho wa yote utabaki na asilimia moja na nusu tu, na hiyo kwa joto letu ni mwaliko wa kuoza. Kwa hiyo pima mboga na maji kwa pamoja.

Weka chupa tupu kwenye mizani, sawazisha isome sufuri. Panga mboga, mimina maji hadi yazifunike, soma uzito. Tuseme karoti gramu 550 na maji gramu 450, jumla 1,000. Asilimia 3 ya hiyo ni gramu 30 za chumvi. Yamimine maji nje kwenye bakuli, yeyusha chumvi humo, yarudishe. Kwa karoti, koliflawa na embe bichi asilimia 3 inatosha wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba. Kaskazi ikianza kuchoma, Desemba mpaka Machi, panda hadi 3.5. Matango yape 4. Pilipili 4 hadi 5.

Huna mizani? Yeyusha vijiko vitatu vya mezani vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu, kwenye lita moja ya maji. Hiyo ni kama gramu 50 na kitu. Ukijaza chupa nusu mboga nusu maji, utaishia karibu na asilimia mbili na nusu. Si hesabu ya fundi lakini karoti zitatoka.

Chupa na kizito

Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya lita moja, ndiyo bora. Usichachue ndani ya sufuria ya alumini; chumvi na asidi huila ile sufuria na ladha ya chuma utaipata kwenye mboga. Mfuniko wa bati nao hushika kutu upesi kwa unyevu wa hapa, kwa hiyo tafuta wa plastiki, au uweke kipande cha karatasi ya kuokea kati ya mfuniko na chupa. Osha chupa kwa maji ya moto na sabuni, isuuze vizuri, iache ikauke. Haihitaji kuchemshwa kana kwamba ni ya dawa.

Mboga lazima zibaki chini ya maji. Kipande kinachochungulia juu ndicho kinachoanza kuota ukungu. Wenzetu wa nchi nyingine hutumia mfuko wa plastiki uliojazwa maji, lakini hapa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na hata hivyo sipendi plastiki laini ikae ndani ya asidi. Kinachofaa zaidi nimekiona ni kikombe kidogo cha kahawa tungu, kile cha kauri kisicho na mkono. Funika mboga kwa jani zima la kabichi, likunje pembezoni lizuie vipande visielee, kisha simamisha kikombe juu yake. Kitajaa maji, kitazama, na mfuniko ukifungwa utakibana kidogo. Hakikisha tu hakina ufa wala rangi inayobanduka.

Kizito ambacho hakifai ni jiwe la ufukweni. Kokoto nyingi za pwani yetu ni matumbawe au chokaa, na chokaa hukutana na asidi ikayeyuka. Jiwe litapungua, na kibaya zaidi, litaimaliza asidi ile ile inayokulinda. Kama huna ila jiwe, lidondoshee ndimu. Likitoa vipovu, lirudishe nje.

Kupanga

Kata karoti vijiti vinene kama kidole cha mwisho. Hapa nchi ya joto unene unasaidia: vijiti vyembamba hulegea kabla ya kupata ladha. Chini ya chupa weka punje tatu nne za kitunguu thomu zilizopondwa kidogo, kipande cha tangawizi, kijiko cha chai cha haradali, pilipili moja ukipenda. Maduka ya viungo yaliyo karibu na soko la Marikiti yana kila kitu, ila usishawishike ukatia duka zima. Uwatu na bizari nyembamba, kidogo tu. Mdalasini na iliki ziachie pilau. Viungo vya unga huchafua maji na kuelea juu, tumia mbegu nzima.

Simamisha vijiti kwa kuvibana mpaka visitikisike. Mimina maji ya chumvi, weka jani, weka kikombe, na uache vidole viwili vya nafasi juu kwa ajili ya povu. Kitunguu thomu kikigeuka samawati au kijani siku zifuatazo usitupe kitu, ni kemia yake na asidi, hakina madhara.

Mafuta yasiingie. Najua mkono wa achari utawasha kumwaga mafuta ya uto juu “yazuie hewa”. Mafuta juu ya kitunguu thomu kibichi ambacho hakijapata asidi hutengeneza makao mazuri ya botulizimu. Ukitaka mafuta, tia siku ya kula, kwenye sahani.

Siku za kungoja

Funga mfuniko bila kukaza. Weka chupa juu ya sahani, maana maji yatafurika siku ya pili, na uipeleke mahali pa baridi kuliko kwingine nyumbani: sakafuni, mbali na jiko na dirisha la magharibi. Wanaokaa nyumba za zamani za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe, wana bahati kuliko sisi wa chini ya mabati. Chumba kikichemka sana, isimamishe chupa ndani ya beseni la maji. Unyevu wa hewa yetu haukubali kitambaa kilichoroweshwa kipoze sana, ila maji ya beseni huzuia joto la saa nane lisipande ghafla.

Ndani ya saa 24 utaona vipovu vikipanda kando ya karoti. Fungua mfuniko asubuhi na jioni uitoe gesi, usije ukapasukiwa, na usukume kikombe chini kwa kijiko safi. Siku ya pili maji hugeuka meupe yenye ukungu. Watu wengi hutupa chupa zao hapo wakidhani zimeharibika. Hapana, huo ndio uchachu wenyewe. Wasiwasi ungekuwa maji yakibaki maangavu siku tatu bila povu hata moja, dalili kwamba umetia chumvi nyingi mno au maji yalikuwa bado na moto ulipoyamimina.

Siku ya tatu onja. Chomoa kijiti kwa uma safi. Kikiwa na chumvi tu na utamu wa karoti, rudisha. Karoti wakati wa kaskazi huiva siku ya nne au ya tano. Wakati wa kusi, siku ya sita au ya saba. Embe bichi siku tatu hadi nne. Bamia na koliflawa kama karoti. Kabichi inayokatwa nyembamba na kusuguliwa na chumvi kavu, asilimia 2.5 ya uzito wake, bila maji ya kuongeza, siku tano mpaka saba. Hizi ni siku za kukuongoza tu, ulimi ndio unaoamua. Ukiweza kupata karatasi za kupimia asidi, rangi ya pH 4 au chini yake ndiyo unayoitaka kabla ya kusema tayari.

Ikishapendeza, ipeleke kwenye friji ikiwa na maji yake. Ubaridi haukomeshi uchachu, hupunguza mwendo, na mboga hukaa miezi kadhaa. Stima ikipotea usiku mzima usiwe na hofu nayo kama ungekuwa nayo kwa nyama. Asiye na friji atengeneze chupa ndogo ndogo, aile ndani ya wiki moja hivi, na aanze nyingine.

Ikiharibika utajuaje

Utando mweupe, mwembamba, uliokunjamana juu ya maji ni hamira ya porini. Huku huja haraka. Uengue kwa kijiko, futa shingo ya chupa, endelea. Haudhuru, ila ukiuachia huleta ladha ya uzee. Manyoya ni kitu kingine. Ukiona kuvu lenye manyoya, liwe jeusi, la kijani au la waridi, mwaga chupa nzima, usiengue ukala ya chini. Vilevile maji yakivutika utelezi, au harufu ikiwa ya uvundo badala ya ukali safi. Usionje kwa kujaribu. Karoti ni bei rahisi.

Matango, kwa anayeyataka kweli

Chukua madogo, magumu, ya siku hiyo. Yatie kwenye maji ya barafu saa moja kwanza. Kata kipande chembamba upande uliokuwa na ua, kwa sababu hapo pana vimeng'enya vinavyolainisha tango kutoka ndani. Weka majani mawili ya mpera yaliyooshwa, au kijiko cha chai cha majani makavu ya chai ya kawaida. Tanini yake, ile inayokausha ulimi, hukaza tango. Chumvi asilimia 4. Siku mbili tu nje, onja, na hata kama moyo wake bado ni mbichi yatie kwenye friji, yamalizie humo taratibu kwa wiki moja. Tango la Mombasa likiachwa nje hadi liive lenyewe, katikati huwa shimo.

Pilipili

Hii ndiyo ninayoona inafaa zaidi kwa pwani, kwa kuwa pilipili haiogopi joto. Chukua pilipili mbuzi nyekundu na za manjano, toa vikonyo, pasua kila moja upande ili maji yaingie. Vaa glavu mkononi. Asiyesikia haya atayaelewa atakapogusa jicho. Changanya na karoti kidogo, kitunguu thomu na vipande vya embe bichi, chumvi asilimia 4 hadi 5, kizito juu. Iache nje siku saba hadi kumi na nne, ukiitoa gesi kila siku juma la kwanza. Mbegu huelea na kupanda juu, na ukungu huanzia kwao, kwa hiyo uzichote.

Kisha chuja, hifadhi maji, saga pilipili kwenye blenda ukiongeza maji yake kidogo kidogo mpaka uzito unaoutaka. Fungua dirisha unaposaga. Sosi hiyo ukiimwagia viazi karai, muhogo wa kukaanga au samaki wa kupaka hutaitafuta tena ya chupa ya dukani. Itaendelea kutoa gesi hata ndani ya friji, basi usijaze chupa hadi shingoni wala usikaze mfuniko wiki ya kwanza.

Kwa wenye presha: kipande cha gramu 50 cha mboga ya asilimia 3 kina kama gramu moja na nusu ya chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima. Vijiti vitatu vinne kando ya wali wa nazi vinatosha, na mchuzi wa siku hiyo upunguzwe chumvi.

Maji yanayobaki chupani usiyatumie kuchachulia mboga nyingine, hayana tena chumvi unayoijua. Yamwagie kachumbari badala ya ndimu, au roweka samaki robo saa kabla ya kumchoma.